Jinsi mapishi ya Waayalandi yanavyoweza kunogesha sikukuu Holili

KILA ifikapo nusu ya pili ya Desemba, barabara inayochepuka Himo kuelekea Holili hubadilika sura. Magari kutoka Dar es Salaam, Arusha na Dodoma hupishana na yale yenye namba za Kenya yaliyopitia Voi na Taveta. Wana wa Rombo wanarudi nyumbani, au kama watani wao wanavyopenda kusema, wanakwenda kuhesabiwa.

Kwa siku chache, nyumba iliyozoea kupikia wazee wawili na mjukuu mmoja hujikuta ikipokea watu 20 au 30. Watoto wa mjini hulala kwenye mikeka sebuleni, vijana hupanga foleni ya maji, na moto wa jikoni hauzimwi tangu alfajiri hadi usiku.

Siku ya kwanza huwa haina matatizo. Mbuzi huchinjwa, nyama huchomwa, kisusio hunywewa kikiwa cha moto, machalari hupakuliwa na mbege huzunguka kwa wanaoitumia.

Mtihani huanza siku ya pili na ya tatu. Nyama nzuri imekwisha, zimebaki shingo, mbavu na mifupa. Mkaa umepungua. Mfuko nao unaitazama Januari, pamoja na ada, sare, madaftari na nauli ya kurudi mjini. Hata hivyo wageni bado wapo, na heshima ya nyumba inataka wale washibe.

Makala haya yanaeleza namna mapishi ya Ayalandi, nchi ndogo ya kisiwani magharibi mwa Uingereza, yanavyoweza kumsaidia mwenye nyumba katika siku hizo. Si kwa sababu ni chakula cha kizungu cha kujionyesha mbele ya majirani. Ni kwa sababu kilibuniwa na watu wa mashamba madogo, mvua nyingi na familia kubwa, waliojifunza kugeuza shingo ya kondoo na kapu la viazi kuwa mlo wa watu wengi.

Kiazi kilichobeba jina la nchi

Ukiingia kwenye mgahawa nchini Uganda na kuuliza kuna chakula gani, huenda mhudumu akakutajia matoke, wali, posho na “Irish”. Hamaanishi mtu wa Ayalandi bali viazi mviringo, ambavyo wengi wetu tumezoea pia kuviita viazi ulaya.

Lakini asili ya kiazi hicho si Ayalandi wala Ulaya. Kilianza kulimwa na wenyeji wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini, maelfu ya miaka iliyopita. Wahispania walikipeleka Ulaya katika karne ya 16, na kufikia mwisho wa karne hiyo kilikuwa kinajulikana Ayalandi.

Huko kilipata makazi. Kilistahimili baridi na mvua, na kipande kidogo cha ardhi kiliweza kulisha familia nzima. Mwanzoni mwa karne ya 19, mamilioni ya maskini wa Ayalandi walikuwa wakiishi kwa viazi na maziwa, kwa sababu ngano na mifugo vililipa kodi ya mwenye ardhi.

Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu ulioozesha viazi vikiwa bado shambani. Wakulima wengi walikuwa wakipanda aina moja tu iliyoitwa Lumper, hivyo ugonjwa ulipopita haukubakiza kitu. Njaa iliendelea hadi mwaka 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi, katika taifa lililokuwa na watu takriban milioni 8. Katika miaka hiyo hiyo, meli ziliendelea kuondoka bandarini zikiwa zimepakia nafaka na mifugo kwenda kuuzwa Uingereza.

Kimelea kilichosababisha maafa hayo bado kipo, na ndicho kinachonyausha nyanya na viazi vya wakulima wetu pale mvua na baridi vinapozidi. Kilichowakinga watu wa mlimani ni busara ya kihamba, ambamo ndizi husimama pamoja na kahawa, maharage, magimbi na viazi vikuu. Zao moja likiugua, jingine huingia chunguni.

Funzo hilo ni vema likakumbukwa hata jikoni. Mapishi yanayoelezwa hapa hayaji kuiondoa ndizi mezani. Yanakuja kukaa kando yake.

Ndugu wa mtori

Anayekijua chakula cha Wachagga hatashangazwa na chakula cha Waayalandi. Mtori ni ndizi na nyama vilivyochemshwa hadi vikalainika, kisha ndizi zikapondwa na kuwa supu nzito. Machalari ni ndizi na nyama katika sufuria moja. Kiburu ni ndizi na maharage. Vyote hupikwa kwa kuchemshwa, katika chombo kimoja, na moto ndio unaofanya kazi kubwa.

Mchuzi mzito wa Kiayalandi, unaojulikana duniani kwa jina la Irish stew, ni hivyo hivyo, ila mahali pa ndizi pamekaliwa na viazi. Nao umma wa viazi na mboga za majani uitwao colcannon ni jirani wa mukimo wa wenzetu wa Kenya, ambao huponda viazi pamoja na mahindi na majani.

Tofauti iko kwenye mambo matatu. Kwanza, katika mchuzi wa asili wa Kiayalandi hakuna kukaanga kitunguu wala kuweka nyanya. Pili, viungo ni vichache mno, yaani chumvi, pilipili manga na majani machache ya kunukia. Tatu, mafuta si ya kupikia bali ya kumalizia, na mara nyingi ni siagi.

Kwa mpishi mwenye watu 30, mambo hayo matatu ni nafuu. Hakuna anayesimama saa mbili akigeuza vitunguu kwenye mafuta. Chungu kikishainjikwa, mama wa nyumba anaweza kukaa na wanawe waliotoka mbali.

Mchuzi mzito wa mbuzi au kondoo

Waayalandi hutumia kondoo, na zamani walitumia zaidi kondoo mzee aliyekwisha kutoa sufu kwa miaka mingi. Nyama yake ilikuwa ngumu, ndiyo maana ikapikwa polepole. Kwetu mbuzi anafaa kabisa. Shingo, mbavu na miguu ya mbele ndiyo sehemu bora, kwa sababu mifupa na mishipa yake huyeyuka taratibu na kuupa mchuzi uzito.

Neno moja la tahadhari. Katika familia nyingi za mlimani, nyama ya mbuzi wa sikukuu hugawanywa kwa utaratibu wa ukoo na kila sehemu ina mwenyewe. Kabla ya kuikatia shingo kwenye sufuria, muulize mzee wa nyumba.

Kwa watu 10 tayarisha nyama yenye mifupa kilo 2, viazi mviringo kilo 3, vitunguu maji kilo 1, karoti kubwa 6, chumvi, pilipili manga na majani ya kitunguu yaliyokatwa.

Osha nyama, iweke kwenye sufuria na maji ya baridi yapatayo lita 2 na nusu. Ikianza kuchemka, engua povu, tia chumvi, punguza moto na funika. Mbuzi mchanga atahitaji saa moja, beberu aliyekomaa saa mbili au zaidi. Maji yakipungua sana, ongeza ya moto.

Gawa viazi mafungu mawili. Fungu la kwanza likate vipande vyembamba na ulitie pamoja na vitunguu nyama inapokaribia kuiva. Vipande hivyo vitavunjika na wanga wake utaufanya mchuzi kuwa mzito bila unga wowote. Baada ya dakika 20 tia karoti na fungu la pili la viazi vilivyokatwa vipande vikubwa. Acha vitokote polepole dakika 30 nyingine, bila kukoroga kwa nguvu.

Maliza kwa pilipili manga na majani ya kitunguu. Mchuzi huu hupendeza zaidi ukilala na kupashwa siku ya pili, jambo ambalo mwenye wageni wengi hatalichukia.

Wanaopika katika vijiji vya juu waongeze muda. Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi joto 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana nyama na maharage yanayoiva haraka Dar es Salaam huchelewa mlimani, na kosa si la mpishi.

Colcannon, viazi vya kuponda na majani

Hiki ndicho chakula ambacho wazee wasio na meno na watoto wadogo watakipenda kwanza. Kwa asili hupikwa kwa kabichi au majani ya jamii ya sukuma wiki, na vyote viwili vinapatikana katika masoko yetu.

Kwa watu 10 tayarisha viazi kilo 3, kabichi moja ndogo au mafungu mawili ya sukuma wiki, maziwa nusu lita, siagi gramu 150, majani ya kitunguu na chumvi.

Chemsha viazi pamoja na maganda yake. Waayalandi hufanya hivyo ili kiazi kisinywe maji na kupoteza ladha. Vikiiva mwaga maji yote, rudisha sufuria kwenye moto mdogo kwa dakika moja ili mvuke utoke, kisha vimenye vikiwa bado vya moto.

Wakati huo mboga iwe imekatwa nyembamba na kuchemshwa dakika chache tu, kisha ikakamuliwa maji. Pasha maziwa pamoja na majani ya kitunguu. Ponda viazi kwa mwiko, mimina maziwa ya moto kidogo kidogo, changanya mboga na theluthi mbili za siagi.

Usiponde kupita kiasi. Kiazi kikipigwa sana hutoa wanga unaonata na chakula kikawa kama gundi. Ukiona kimelainika na kushikana, acha.

Pakua kwenye sinia, fanya shimo katikati na uweke siagi iliyobaki iyeyuke humo. Kila mlaji huchota pembeni na kuchovya katikati. Zamani, usiku wa mwisho wa Oktoba, Waayalandi walificha ndani yake pete au sarafu, na aliyeikuta alitabiriwa ndoa au utajiri. Kwa nyumba yenye watoto wengi tunashauri utabiri huo uachwe, maana sarafu inaweza kumkaba mtoto.

Ukiondoa kabichi na kubakiza majani ya kitunguu peke yake, utapata chakula kingine kiitwacho champ, ambacho hupikwa zaidi kaskazini mwa kisiwa hicho. Na hakuna sheria inayokukataza kuchanganya theluthi moja ya ndizi mshare zilizochemshwa na kupondwa. Utamu wake utakuwa wa Kirombo zaidi, nao utapunguza gharama ya viazi kwa mwenye migomba yake.

Nyama ya ng'ombe na bia nyeusi

Chakula hiki ni cha mkesha au cha wageni wachache wa heshima, na ni kwa wanaotumia kilevi. Bia nyeusi maarufu ya Ayalandi, Guinness, ina jina la Arthur Guinness, aliyeanza kutengeneza bia Dublin mwaka 1759, nayo si ngeni katika baa za Moshi.

Kwa watu 10 chukua nyama ya mguu au shingo ya ng'ombe kilo 2, unga wa ngano vijiko 3 vya chakula, vitunguu 4, karoti 6, bia nyeusi nusu lita, maji lita 1, chumvi na pilipili manga.

Kata nyama vipande vikubwa, ipake unga na chumvi, ikaange kidogo kidogo hadi ipate rangi ya kahawia. Ukiijaza yote kwa pamoja itatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Itoe, kaanga vitunguu katika mafuta yaleyale, rudisha nyama, mimina bia na maji. Funika na uache kwa moto mdogo saa mbili hadi mbili na nusu. Karoti zitiwe katika nusu saa ya mwisho.

Wengi huamini kwamba kilevi chote huishia hewani kikipikwa. Si kweli. Hata baada ya saa mbili hubaki kidogo, hivyo watoto na wasiotumia pombe kwa sababu ya dini au afya wapikiwe chungu chao. Badala ya bia weka supu ya mifupa na robo kikombe cha kahawa nyeusi ya Kilimanjaro. Uchungu wa kahawa hufanya kazi ileile ya kukata mafuta.

Kuna pia chungu cha watu wa Dublin kiitwacho coddle, ambacho ni soseji, vipande vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi, vitunguu na viazi vilivyopangwa kwa tabaka na kuchemshwa. Wapenzi wa kitimoto watakifurahia. Hata hivyo, katika mkusanyiko wenye ndugu Waislamu au Wasabato, ustaarabu ni kukiacha, au kukipika kwa sufuria na mwiko wa peke yake.

Nyama ya chumvi haikuwa ya maskini

Ukiwauliza Wamarekani chakula cha Waayalandi ni kipi, wengi watajibu nyama ya ng'ombe ya chumvi pamoja na kabichi, na hukila tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, msimamizi wa Ayalandi. Ukweli una kona yake.

Katika karne za 17 na 18, mji wa Cork ulikuwa maarufu kwa kutia chumvi nyama ya ng'ombe na kuiuza nje. Iliwalisha mabaharia na kupelekwa hadi visiwa vya Karibiani. Aliyemfuga ng'ombe huyo mara chache alionja mnofu wake. Maskini wa Ayalandi, wakipata nyama, waliona zaidi ile ya nguruwe.

Walipohamia Marekani, wahamiaji wa New York walikuta nyama ya ng'ombe ya chumvi kwa bei nafuu, mara nyingi kwenye bucha za Wayahudi, wakaipika badala ya nguruwe wa nyumbani. Chakula hicho kikawa alama ya nchi waliyoiacha, ingawa huko nyumbani hakikuwa cha kila siku.

Mwana wa Holili anayeishi mbali na mlima anaielewa hadithi hiyo. Mtori anaoupika Dar es Salaam kwa ndizi za sokoni si uleule wa bibi yake, lakini ndio unaomkumbusha alikotoka.

Mkate usiohitaji hamira wala tanuri

Mchuzi mzito huhitaji kitu cha kuchovya. Waayalandi hutumia mkate wa soda, ulioenea kwao katika karne ya 19, na ambao huiva ndani ya saa moja tangu unga utoke kwenye mfuko.

Chukua unga wa ngano gramu 500, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kupikia mikate, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na mtindi usio na sukari mililita 400. Changanya vitu vikavu, mimina mtindi, shikanisha kwa mkono kwa haraka. Usikande kama chapati. Uchachu wa mtindi ukikutana na soda hutoa mapovu ya hewa, na ndiyo yanayouinua mkate. Ukichelewa au ukikanda sana, hewa hiyo hutoka.

Finyanga duara, kata alama ya msalaba juu kwa kisu ili joto lifike katikati, kisha uoke dakika 40 hadi 45.

Soda inayotajwa hapa ni ile inayouzwa dukani katika kopo au pakiti ndogo kwa ajili ya keki. Si magadi ya kulainishia maharage. Magadi ni makali zaidi na yatauharibu mkate kwa uchungu.

Asiye na tanuri asihofu. Kwa vizazi vingi nyumba za vijijini Ayalandi hazikuwa nalo. Walioka katika chungu cha chuma chenye mfuniko wa bapa, wakapanga makaa ya moto juu ya mfuniko. Kila mama aliyewahi kuoka keki kwa sufuria yenye mkaa chini na juu anaijua kazi hiyo. Weka mkaa mchache chini na mwingi juu, ili mkate usiungue kitako kabla ya kuiva.

Viazi vya kuponda vilivyobaki visitupwe. Asubuhi, changanya gramu 500 zake na viazi vibichi gramu 500 vilivyokwaruzwa kwa kikwaruzio cha karoti na kukamuliwa maji. Ongeza unga wa ngano gramu 250, nusu kijiko cha chai cha soda hiyo, chumvi na mtindi wa kutosha kupata uji mzito. Mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, geuza upande wa pili. Hiyo huitwa boxty, na kwa chai ya maziwa ni kifungua kinywa cha kutosha watoto.

Mahitaji yapatikane wapi

Holili ina bahati ya kuwa mpakani. Viazi hulimwa katika maeneo ya juu ya Rombo, ikiwamo ukanda wa Rongai, na katika eneo la Siha. Soko la Himo hupokea mazao ya mlimani na ya tambarare, na ng'ambo ya mpaka soko la Taveta huchangamka siku za Jumatano na Jumamosi.

Tangu mwaka 2016, Holili na Taveta zina kituo cha pamoja ambapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili upande mmoja tu, ule anaoingia. Hata hivyo nyama, maziwa na mazao mabichi yana taratibu zake za afya ya mifugo na mimea. Anayetaka kuvusha chochote aulize kituoni kabla ya kununua, asije akaiacha sikukuu yake kwenye meza ya ukaguzi.

Unaponunua viazi kwa sado, pekua hadi chini. Vyenye rangi ya kijani vimepigwa na jua na vina sumu inayosumbua tumbo, ambayo haiishi kwa kuchemshwa. Vilivyogeuka kijani kwa wingi au vinavyouma ulimi kwa uchungu vitupwe. Chagua vikavu, vizito na visivyochipua. Nyumbani vihifadhi gizani, mahali penye hewa, mbali na jua.

Kupanga siku ili watu washibe

Si lazima vyakula hivi vyote vipikwe kwa siku moja. Mpangilio mwepesi ni huu. Tarehe 24 usiku, wageni wakiwa wamechoka na safari, wapewe mchuzi mzito na mkate wa soda. Tarehe 25 iachiwe mbuzi, ndizi na desturi za nyumba. Tarehe 26, mifupa na mbavu zilizobaki ziingie tena kwenye mchuzi, colcannon ipikwe kwa wingi, na tarehe 27 asubuhi masalio yawe boxty.

Kwa watu 30 zidisha vipimo mara tatu, lakini gawa katika sufuria mbili au tatu. Sufuria moja iliyojaa hadi mdomoni huchelewa kuchemka, huungua chini na hubaki mbichi juu. Maji nayo yasizidishwe mara tatu kamili, kwa kuwa sufuria kubwa iliyofunikwa hupoteza mvuke kidogo. Anza na lita 6 na uongeze kadiri ya haja.

Chakula cha nyama kisikae nje zaidi ya saa mbili bila moto au jokofu. Pasipo jokofu, pika cha kuliwa kikaisha. Kinachopashwa kichemke kabisa hadi katikati, kisiishie kupata uvuguvugu. Sikukuu nyingi zimeharibiwa na sufuria iliyoachwa wazi usiku kucha.

Siku ya kina mama

Waayalandi wana desturi nyingine ambayo haina kipimo cha unga wala cha viazi. Tarehe 6 Januari, siku ambayo Wakatoliki huadhimisha Tokeo la Bwana, wao huiita kwa lugha yao Nollaig na mBan, yaani Krismasi ya Wanawake. Kwa mila, siku hiyo kina mama hupumzika baada ya kazi ya sikukuu nzima. Wanaume huingia jikoni, na wanawake hutembeleana na kunywa chai pamoja.

Kufikia tarehe hiyo, wengi wa waliokuja Holili huwa wamekwisha kurudi mjini, na bibi aliyewapikia watu 30 amebaki na sufuria za kusugua. Kwa hiyo kwetu siku hiyo haina budi kuja mapema, kabla mabasi hayajaondoka.

Kilo 9 za viazi ni kazi kubwa kwa mikono miwili, lakini ni mazungumzo ya nusu saa kwa vijana sita waliokaa kwenye vigoda chini ya mgomba. Anayetoka Dar es Salaam na zawadi ya kanga na sukari amefanya vema. Akishika na kisu akamenya, atakuwa amemletea mama yake kile ambacho hakiuzwi Himo wala Taveta, nacho ni nafasi ya kukaa na kula chakula kingali cha moto.